Bwana Msimamizi, Heroe Hawakuwapo

Kwako Msimamizi wa Hifadhi,

Hasira bado ninayo. Mimi ni mwelekezi wa watazamaji ndege kwenye ziwa unalolisimamia. Mwezi Juni ofisi yako ilibandika taarifa langoni kwamba heroe wamejaa ufuo wa kusini. Niliiamini. Nikaleta wanafunzi wa shule ya msingi kutoka mbali, watoto ambao wazazi wao walijinyima ili wachange nauli.

Ufuo ulikuwa mtupu. Maji yalikuwa yamepanda hadi kwenye mashina ya migunga, na maana yake waijua: masika yakilijaza ziwa, magadi huzimuka, mwani anaoula heroe mdogo hupungua, naye huhama usiku kwenda Ziwa Bogoria, Ziwa Natron au popote penye chakula.

Jioni niliisoma tena taarifa yenu. Chini ya heroe mmeandika makundi makubwa ya vitwitwi wadogo. Juni, Bwana Msimamizi! Vitwitwi hao huanza kutufikia Agosti na Septemba, na kufikia Mei wameshaondoka. Juni wako kaskazini ya Urusi wanaatamia mayai. Wachache hubaki huku, makundi hayabaki. Aliyeandika hakukanyaga ziwani. Alichukua orodha ya zamani akabadilisha tarehe.

Watoto wale walipokezana darubini yangu wakitafuta ndege wasiokuwapo. Niliwarudishia ada yangu yote na kulipia sehemu ya nauli ya basi. Ninyi hamkurudisha hata shilingi ya kiingilio. Ngazi iliyooza ya mnara wa kutazamia naiacha kwa leo. Watoto siwezi kuwaacha. Wengine hawatapata nauli nyingine ya kuja huku, na walichojifunza ni kwamba karatasi yenye muhuri wa serikali inaweza kusema uongo.

Warudishieni kiingilio. Kisha kila taarifa ionyeshe nani alihesabu, siku gani, akiwa upande gani wa ziwa. Ndege wasipokuwapo, andikeni hawapo. Maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakifurika kwa zaidi ya miaka 10. Tutayajuaje mabadiliko hayo iwapo mnanakili ya mwaka jana? Na ni ofisi ngapi za umma zinazojaza fomu namna hii, kuhusu maji, dawa, madarasa, bila mtu kwenda kutazama?

Stakabadhi za kiingilio ninazo. Mwalimu mkuu anasubiri jibu lako kwa maandishi.

Mwelekezi wa ndege,
Bonde la Ufa