Kipimo Nacho Kipimwe

Msomaji mwema, mizani ya mwuza nyama ikiwa na kasoro ya robo kilo, itakupunja leo, itakupunja kesho, na keshokutwa itakupunja kiasi kile kile. Mtu asiyejua ataisifu kwa kuwa haibadiliki. Lakini uthabiti ni jambo moja, na ukweli ni jambo jingine. Mizani hiyo ni thabiti, wala si ya kweli.

Vipimo vya nafsi navyo vyaweza kuwa hivyo. Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Kaloleni na Bahati hadi Dandora na Korogocho, watafiti huja na karatasi za maswali. Hutaka kujua nani ana huzuni, nani ana hofu, na nani ana akili nyepesi. Majibu hugeuzwa tarakimu, tarakimu hugeuzwa taarifa, na taarifa huwa neno la hakika juu ya watu. Nasema neno hilo lisipokewe kabla kipimo chenyewe hakijapimwa.

Chukua mfano wa hojaji iitwayo PHQ-9, iliyotangazwa na wataalamu wa Marekani mwaka 2001, ambayo hutumika sana duniani kutafuta dalili za sonona, yaani maradhi ya huzuni nzito. Ina maswali 9 juu ya wiki mbili zilizopita. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, na kwa desturi afikaye alama 10 hudhaniwa kuwa mgonjwa.

Sasa mfikiri kijana wa Korogocho alalaye na ndugu zake katika chumba kimoja cha mabati, jirani na muziki usiokoma usiku. Aulizwa kama usingizi humsumbua. Hujibu, karibu kila siku: alama 3. Aulizwa kama huhisi uchovu. Huamka kabla ya alfajiri na kwenda shule kwa miguu: alama 3. Aulizwa kama hushindwa kutuliza fikira zake. Husoma ana njaa: alama 3. Amekwisha pata alama 9, nasi hatujagusa swali la huzuni! Imebaki alama moja tu aitwe mgonjwa. Huenda kweli ana sonona. Huenda ana njaa na kelele. Jumla ile peke yake haiwezi kutenganisha mambo hayo.

Tena mwulize juma lijalo. Chumba ni kile kile, muziki ni ule ule, na majibu yatakuwa yale yale. Mtafiti atafurahi na kuandika kwamba kipimo chake ni thabiti. Naam, ni thabiti kama mizani ya robo kilo.

Lugha nayo ina neno lake. Vijana wa mitaa hii huzungumza Sheng nyumbani na kiwanjani, na mtu aliyelemewa husema ana mawazo mengi. Swali lililofasiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza laweza kupita juu ya kichwa chake, naye akajibu kwa adabu tu ili mgeni aende zake.

Watakaonipinga watasema kwamba hojaji hiyo imekwisha jaribiwa Kenya. Ni kweli, nao waliofanya hivyo wastahili heshima. Mwaka 2009 palichapishwa utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya, kwa watu wazima wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Lakini ushahidi wa mtu mzima wa magharibi hautoshi kumhukumu mwanafunzi wa Dandora. Kipimo hakipati cheti cha kudumu. Kila kihamiapo kwa watu wengine, shauri lake lianze upya.

Usidhani haya ni mabishano ya wasomi tu. Karibu na mtaa wa Mathare iko hospitali ya Mathari, ambako daktari J. C. Carothers alikuwa mkuu tangu 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake, ambamo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa ubongo kwa upasuaji. Mwaka 1954, mwaka ule ule ambao askari wa Operesheni Anvil waliwazoa watu kwa maelfu mitaani Nairobi, serikali ya kikoloni ilichapa taarifa yake juu ya Mau Mau, iliyoutafuta uasi katika nafsi za watu kuliko katika ardhi yao iliyochukuliwa. Kosa la kupima halikubaki kitabuni. Liliwapa watawala sababu ya kutosikiliza.

Wako wanaosema kwamba kwa sababu hiyo vipimo vyote vitupwe. Nao pia wamekosa. Kijana mwenye sonona ya kweli anahitaji kugunduliwa, na jicho tupu hukosea zaidi kuliko kipimo kizuri. Mizani mbovu hutengenezwa; watu hawaachi kupima.

Basi, msomaji, usomapo kwamba wengi wa vijana fulani ni wagonjwa au wajinga, uliza: Je, kipimo hiki kilijaribiwa kwa watu kama hawa? Kwa lugha yao? Je, kililinganishwa na maoni ya mganga aliyeketi na kuzungumza nao? Je, alama imetoka moyoni au imetoka katika chumba cha mabati? Asiyeweza kujibu maswali hayo hana haki ya kukutaka uamini tarakimu zake. Nawe ukiwa mtafiti siku moja, ukarudi katika mitaa hii na karatasi mkononi, anza kwa kujiuliza mwenyewe.