Kujiweka Tayari kwa Daktari

Ndugu wanachama, wengi wetu tukaao Ipagala tulikuja Dodoma baada ya mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia huku. Vyombo vya nyumbani tulivipakia. Faili zetu za hospitali tuliziacha Dar es Salaam. Basi daktari wa hapa atuonapo mara ya kwanza hana ajualo juu yetu ila lile tutakalomwambia wenyewe.

Mwenzetu mmoja aliulizwa ni dawa gani anayomeza kwa shinikizo la damu. Akajibu, "Vile vidonge vidogo vyeupe." Vidonge vyeupe ni vingi, Bwana! Ikambidi arudi nyumbani kuvichukua, na siku ikapotea.

Kwa hiyo twawasihi, usiku wa kuamkia siku ya kwenda, kaeni na karatasi. Andikeni maumivu yalianza lini, huzidi wakati gani, na maradhi gani yamo katika ukoo. Dawa zote zitieni mfukoni pamoja na makasha yake, wala kadi ya bima isisahauliwe. Tena, na hili ndilo gumu, msifiche mizizi na majani mliyopewa na wazee. Baadhi yake hugombana na dawa za hospitali, na daktari hawezi kukisia. Twajua aibu impatayo mtumishi mwenye cheo kukiri hayo.

Tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uanze kazi mwaka 2001, tumekuwa tukikatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri huongeza 3 nyingine. Nafasi hiyo tumekwisha kuilipia. Neno lililotupeleka lisemwe kwanza, si pale mlangoni tukiaga.