Boti si mchezo wa watoto, jamani!

Najua nimepotea. Wengine mlidhani nimedisko, wengine mkasema bumu limenipeleka kula bata Mbeya. Wala! Nilikuwa BTP nyumbani kwetu Sumbawanga, nafundisha fizikia na hisabati, na nimerudi na hasira. Leo mnivumilie.

Na kabla hamjaanza utani wenu wa ungo: ndiyo, kwetu ni Sumbawanga, na ndiyo, wengi husema jina lenyewe maana yake ni "tupa uchawi". Chombo ninachotaka kuwasimulia nacho kilikuwa kinapaa. Ila kilipaa juu ya maji, na kiliendeshwa na betri za laptop mbovu.

Iko hivi. Kuna kijana wa kidato cha pili, jina simtaji. Darasani hasemi neno, maana somo ni Kiingereza na Kiingereza kinampiga chenga. Jaribio nililowapa alipata F. Jumamosi moja nikamkuta na wenzake wawili kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe nje ya mji, wanahangaika na boti ya rimoti. Si boti ya kawaida. Ni ile bapa ya mashindano, yenye viguu viwili mbele na rafadha nyuma, ambayo ikishika kasi inagusa maji sehemu tatu tu. Aliiona kwenye video ya simu, akaamua kuunda yake.

Bodi ni foamu ya kwenye katoni ya tivii, juu wamebandika plaiwudi. Mota ni ya drili iliyokufa. Shafti ni spoku ya baiskeli, inapita ndani ya mrija wa peni uliojazwa grisi. Kinachounganisha mota na spoku ni kipande cha mpira wa valvu. Rafadha wameikata kwenye bati la kopo. Redio imetoka kwenye kigari cha Kichina kilichovunjika, na kuna rilei ndogo ya fundi redio inayowasha na kuzima mota. Vitu vya umeme vyote viko ndani ya puto ili maji yasiingie. Antena imesimama wima, kwa sababu waligundua wenyewe kwamba ikilala majini boti haisikii.

Siku ya kwanza ililima maji kama jembe. Haikunyanyuka hata kidogo. Betri walikuwa wameiweka nyuma mno, mkia ukazama. Wakaisogeza mbele, pua ikachota maji. Wakawa wanasogeza kwa upana wa kidole, wanaandika na mkaa kwenye plaiwudi betri ilikuwa wapi na boti ilifanya nini. Mnajua hicho kinaitwaje? Kinaitwa jaribio la kisayansi, lile tunaloandikia madesa kurasa kumi bila kulifanya hata mara moja.

Jumamosi ya pili ikanyanyuka! Nusu ya rafadha iko hewani, inarusha maji nyuma kama mkia wa tausi, sisi tunapiga kelele. Halafu upepo wa Ufipa ukapiga kwa mbele, hewa ikaingia chini ya tumbo, boti ikapinduka kwa nyuma chali. Nikawasimulia habari za Donald Campbell, Mwingereza aliyepinduka hivyohivyo tarehe 4 Januari 1967 kwenye ziwa Coniston akiwa na boti yake Bluebird, akafa. Pua ikinyanyuka kupita kiasi, hewa ya chini inageuka kuwa mkono unaokusukuma juu. Kijana akasikiliza, akasogeza betri mbele kidogo, akapunguza mwinuko wa viguu. Haikupinduka tena.

Hapo ndipo aliponiuliza, kwa Kiswahili chake safi: "Mwalimu, ulitufundisha chombo kinaelea kwa sababu kinasukuma kando maji yenye uzito sawa na wake. Sasa hii ikikimbia inapanda juu, karibu yote iko nje ya maji. Archimedes amekosea?"

Wadau, nilikosa jibu. Mimi, mwaka wa tatu, ualimu wa fizikia! Usiku nikaenda kusoma. Archimedes hajakosea, yeye anazungumzia chombo kilichotulia. Kikikimbia, tumbo lake linayasukuma maji kwenda chini, na maji yanakirudishia msukumo kwenda juu. Ni Newton, kanuni ya tatu. Na kadiri kinavyopanda, ndivyo sehemu inayosuguana na maji inavyopungua, kasi inaongezeka. Mtoto wa F alinifundisha kutofautisha mambo ambayo mimi nilikuwa nimeyakariri tu.

Jumatatu akaleta boti shuleni aonyeshe darasa. Mwalimu mmoja akaikuta, akasema ni michezo ya watoto, haipo kwenye silabasi. Kijana akapewa adhabu ya kufyeka, boti ikafungiwa stoo. Wiki iliyofuata hakuja shule. Wala iliyofuata tena.

Na mimi? Nilinyamaza. Mkaguzi wa BTP alikuwa anakuja, nikaogopa alama zangu. Naandika ili mjue kwamba ninayemlaumu wa kwanza ni mimi.

Sasa nijibu hoja zao.

"Haipo kwenye silabasi." Uongo. Kanuni ya kuelea ipo, msukumo upo, umeme upo, mawimbi yapo. Kisichokuwepo ni sisi kuthubutu kutoka nje ya ubao.

"Hatuna maabara." Yule kijana alikuwa nayo wapi? Ken Warby wa Australia aliunda boti yake ya mbao uani kwake, kwa injini ya ndege aliyoinunua kwenye mnada wa mali chakavu za jeshi. Tarehe 8 Oktoba 1978 alikimbia kilomita 511 kwa saa, na rekodi hiyo haijavunjwa mpaka leo. Uani kwake, jamani!

"Hayo ni mambo ya Wazungu." Hapa ndipo napandwa na jazba kabisa. Babu zetu Wafipa walijenga malungu, matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, yanayovuta hewa yenyewe bila mivuo, wakayeyusha chuma. Bila kujua hewa inapandaje ikipata moto huwezi kujenga kitu kile kikafanya kazi. Na boti za kasi tumezijua zamani. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili za mbao, Mimi na Toutou, za mita 12 kila moja, wakazisafirisha toka Afrika Kusini mpaka Ziwa Tanganyika. Tarehe 26 Desemba mwaka huohuo zikaiteka meli ya Wajerumani, Kingani. Mwaka uliofuata zilifika hapa kwetu Kasanga, wakati huo ikiitwa Bismarckburg. Wangapi kati yetu tuliosoma Rukwa tulifundishwa hilo darasani?

Msiniambie pia kwamba toka mwaka 2024 kuna mkondo wa amali, kwa hiyo wenye mikono waende huko. Nauunga mkono mkondo huo. Lakini yule kijana hakuwa fundi aliyepotea njia akaingia darasa la fizikia. Alikuwa mwanafizikia. Ukisema mikono iko mkondo ule na akili mkondo huu, umewakata watoto wote vipandevipande.

Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, sisi tunaijibia maswali ya UE, tunapata A, halafu tunakwenda kufungia boti stoo. Tunaohitimu mwakani ndio tutakaoshika hizo funguo. Fikirieni hilo kabla ya kugawana madesa.

Likizo hii narudi Sumbawanga. Nitakwenda kwanza kwa mwalimu yule, kwa heshima zote, shikamoo na magoti, kuiomba ile boti. Kisha nitamtafuta kijana kwao. Sijui nitamwambia nini. Labda nitaanza na jibu la swali lake, maana sikuwahi kumpa.

Nawasilisha.