Miaka 90 ya Watani, na Walioiandika

Mwaka huu wa 2026 Simba inatimiza miaka 90. Yanga ilitimiza yake mwaka jana, ikihesabu tangu tarehe 11 Februari 1935. Tumeamua kuziadhimisha pamoja, na tunajua wapo wa pande zote mbili watakaochukia kukalishwa meza moja na mtani. Watuvumilie. Klabu hizi zilizaliwa zikifuatana, katika mitaa ileile ya Kariakoo, zikagawana ndugu wa tumbo moja, na hadi leo hakuna ubingwa wa upande mmoja unaonoga mpaka uulizwe upande wa pili umemaliza nafasi ya ngapi.

Kwenye sherehe kama hizi hutajwa marais wa klabu, wafadhili, makocha, na wachezaji wa zamani huvishwa mashada. Wote wanastahili. Sisi tunataka kumtaja mwingine, ambaye jina lake halimo kwenye ratiba ya hotuba: shabiki aliyeandika. Yule aliyekuwa na daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akapiga mistari kwa rula na kuandika kikosi, mfungaji, dakika, uwanja na jina la mwamuzi. Yule aliyekata picha kwenye gazeti akaibandika kwa ugali. Yule aliyetuma barua kwa mhariri kusahihisha kwamba bao lile halikuwa la Fulani, lilimgonga beki likaingia.

Vijana wanaotazama mechi zote kwa runinga huenda wasielewe uzito wa kazi hiyo. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Maana yake ni kwamba karibu miaka 60 ya kwanza ya klabu hizi ilipita bila shabiki wa Bara kuweza kuwasha kioo nyumbani na kuitazama timu yake. Mpira ulisikika. Ahmed Jongo, na baadaye Charles Hilary, waliutangaza kwa Radio Tanzania Dar es Salaam kiasi kwamba mtu wa Masasi au Kasulu alijua winga yuko upande gani wa uwanja na amegeuka na mguu upi. Filimbi ya mwisho ikishalia, sauti ile ilikwenda zake. Kilichobaki ni magazeti ya siku zile, Uhuru, Mzalendo na Mfanyakazi, na watu waliokuwapo uwanjani. Na madaftari.

Tuchukue mechi mbili tuone madaftari hayo yametupa nini.

Ya kwanza ni ya tarehe 10 Agosti 1974, pambano la kuamua bingwa lililopelekwa uwanja wa Nyamagana, Mwanza. Adam Sabu aliifungia Simba dakika ya 16. Bao lile likakaa. Likakaa mpaka watu wa Msimbazi, wale wa Simba, wakaanza kuhesabu dakika, ndipo Gibson Sembuli akasawazisha dakika ya 87. Zikaongezwa dakika 30, na dakika ya 97 Sunday Manara, aliyeitwa Kompyuta, akaimaliza kazi. Yanga 2, Simba 1. Wazee wa Jangwani, wale wa Yanga, wanaweza kukusimulia mechi hiyo mpaka kahawa ipoe kikombeni, na hawasemi "mwishoni mwishoni". Wanasema dakika ya 87. Manara huyo baadaye alikwenda kucheza Uholanzi, Heracles ya Almelo, wakati ambapo kijana wa Kitanzania kucheza soka la kulipwa Ulaya lilikuwa jambo ambalo hata kuliota ilikuwa taabu.

Ya pili ni ya tarehe 19 Julai 1977. Simba 6, Yanga 0. Abdallah Kibadeni dakika ya 10, ya 42 na ya 89. Jumanne Hassan "Masimenti" dakika ya 60 na ya 73. Katikati ya hayo, dakika ya 20, Selemani Sanga alijifunga. Mshabiki wa Simba wa miaka 25, aliyezaliwa wakati Kibadeni amekwishastaafu zamani, anazitaja dakika hizo kwa mpangilio bila kukosea. Hajawahi kuiona mechi yenyewe popote. Amezipokea kwa baba yake au kwa mzee wa kijiweni, naye aliziandika au alimsikia aliyeandika. Tafakari ukubwa wa jambo hilo: taarifa yenye majina matatu na dakika sita imevuka karibu nusu karne bila kioo, imepita mdomo kwa mdomo na ukurasa kwa ukurasa, na imefika salama.

Imefikaje salama? Hapa ndipo tunapotaka kusema neno letu hasa, kwa sababu tunaamini jibu lake ni utani.

Shabiki peke yake hatunzi historia kwa usahihi. Anayeipenda timu yake hukuza ushindi na kusahau vipigo. Ndivyo mapenzi yalivyo kila mahali. Lakini shabiki wa Kariakoo hajawahi kuwa peke yake. Pembeni yake amekaa mtani, kwenye benchi lilelile la muuza kahawa, pengine kwenye nyumba ileile, pengine kwenye kitanda kilekile. Akisema saba, mtani atasema sita. Akisema Kibadeni alifunga manne, mtani wa Yanga, ambaye mechi ile ilimuumiza, atamkatalia na kumwambia la nne lilikuwa la Masimenti. Kipigo cha Yanga kimehifadhiwa Msimbazi, na kipigo cha Simba kimehifadhiwa Jangwani. Zile 5-0 za mwaka 1968, enzi Simba ikiitwa Sunderland, ni watu wa Yanga waliozibeba. Zile 5-0 za tarehe 6 Mei 2012 ni za watu wa Simba. Na 5-1 ya tarehe 5 Novemba 2023 hatuna shaka itatunzwa upande gani.

Hata machozi ya nje ya nchi yametunzwa hivyohivyo. Mwaka 1993 Simba ilitoka sare 0-0 Abidjan na Stella katika fainali ya Kombe la CAF, jiji zima likajiandaa kupokea kombe, ikafungwa 2-0 hapa nyumbani. Mwaka 2023 Yanga ilifungwa 2-1 na USM Alger kwenye uwanja wa Mkapa, ikaenda Algiers ikashinda 1-0, na kombe likabaki kule kwa kanuni ya bao la ugenini. Mwaka 2025 Simba ikafika tena fainali, mara hii ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa 2-0 na Berkane nchini Morocco, kisha ikatoka 1-1 Zanzibar. Fainali tatu, na ukitaka kusimuliwa kila moja kwa undani usioficha kitu, nenda kamuulize asiyeipenda timu iliyocheza. Kisha vuka barabara ukaulize jinsi Simba walivyoitoa Zamalek, waliokuwa wanalishikilia taji la Afrika, kwa penalti kulekule Cairo mwaka 2003, huku Juma Kaseja akiwa langoni. Ukirudi utakuwa na habari kamili.

Ndiyo maana tumesema jubilei hizi ni moja. Kitabu cha Simba kisichopitia kwenye madaftari ya Yanga kitakuwa na kurasa zilizochanwa, na cha Yanga vilevile.

Lakini utani nao una upungufu wake, nao lazima usemwe hata siku ya sherehe. Utani hutunza kinachochoma. Sare ya 0-0 ya siku ya mvua haichomi, basi haikutunzwa. Klabu zilizofifia nazo zimefifia pamoja na kumbukumbu zao. Cosmopolitan ya jijini hapa ilikuwa bingwa wa taifa mwaka 1967, katikati ya ubingwa wa Sunderland wa 1965 na 1966 na ule wa Yanga wa miaka mitano mfululizo, 1968 hadi 1972. Pan African, iliyozaliwa kutokana na mgogoro uliopasua Yanga miaka ya 1970, ilitwaa ubingwa mwaka 1982. Ni nani leo kijiweni anayezitetea kwa takwimu? Na wanawake je? Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2022, na bado ukimwomba shabiki wa kawaida akutajie kikosi cha safari ile, atakutajia majina mawili matatu, anyamaze. Hilo ni deni la kizazi hiki. Hakuna wa kulilipa isipokuwa sisi tulioishi wakati wake.

Kuna pia ubishi ambao ungekwisha zamani kama makaratasi yangekuwa mahali pamoja. Kila mshambuliaji anapokaribia mabao 20, jina la Mohamed Hussein "Mmachinga" hufufuka, na mabao 26 anayohesabiwa kuyafunga mwaka 1999. Stephane Aziz Ki alipofikisha 21 msimu wa 2023/24, mjadala ule ulirudi. Hoja zilikuwa nzuri. Kilichokosekana ni orodha moja iliyowekwa hadharani, mechi kwa mechi, ili mwenye shaka aende akaisome. Mtu aliyefunga mabao kwa wingi kiasi hicho anastahili kuwekewa heshima yake kwa maandishi yasiyotikisika akiwa angali anaweza kuyasoma.

Wasomi wamefanya sehemu yao. Mtafiti wa Kijapani, Tadasu Tsuruta, aliandika sura nzima kuhusu Simba na Yanga na ukuaji wa jiji katika kitabu cha historia ya Dar es Salaam kilichotoka mwaka 2007. Tunamshukuru kwa dhati kwamba aliona mapema kuwa huwezi kulielewa jiji hili bila kuzielewa klabu zake mbili. Ila sura hiyo ni ya Kiingereza na imo ndani ya kitabu cha chuo kikuu. Haiwezi kushika nafasi ya kitabu cha Kiswahili ambacho fundi cherehani wa Mtaa wa Swahili angekinunua, akakisoma, akakibishia.

Muda ndio unaotutia hofu. Aliyekuwa na miaka 20 siku ya zile 6-0 anakaribia 70 sasa. Aliyeshuhudia Sunderland ikigeuka Simba mwaka 1971, kwa ushawishi wa Mzee Abeid Amani Karume, akiwa kijana wa kuelewa mambo, ameupita umri huo. Walioona miaka ya 1940, pale klabu zilipokuwa za vijana wa mjini wakichanga senti zao wenyewe kununua mpira na jezi chini ya utawala wa kikoloni, wamekwisha. Charles Hilary tulimzika mwaka jana. Kila msiba wa shabiki mkongwe unaondoka na kitu: watoto wanagawana nguo za marehemu, kitanda, redio, halafu lile boksi la magazeti na madaftari linawekwa uani, na mvua inakuja. Kwa Yanga hata makao makuu yenyewe yako bonde la Jangwani, ambako mto Msimbazi ukifurika maji huingia bila hodi. Karatasi haina wa kuitetea mahali pale.

Klabu zenyewe leo zina uwezo ambao hazijawahi kuwa nao. Zina wafadhili wakubwa, zina idara za habari, zina wanachama waliosajiliwa kwa kadi za kisasa, zinajaza uwanja wa watu 60,000. Kutenga chumba kikavu, ghorofani, chenye makabati na mtunza kumbukumbu mmoja aliyesomea kazi yake, hakufikii gharama ya kumsajili winga wa kigeni wa kukaa benchi. Shirika la utangazaji la taifa, lililorithi kanda za Radio Tanzania, nalo tunaliomba lifungue zile za michezo zilizosalia, lizisafishe na kuwasikilizisha Watanzania. Sauti ya Jongo ni mali ya umma.

Tunaomba pia hata migogoro iandikwe, na pande zote mbili. Mechi ya watani ya tarehe 8 Machi 2025 iliahirishwa siku ileile iliyopaswa kuchezwa, ikaja kuchezwa tarehe 25 Juni na Yanga ikashinda 2-0. Kila upande una maelezo yake kuhusu kilichotokea. Yaandikwe yote sasa, barua zote ziwekwe, wajukuu wetu wapime wenyewe.

Ombi letu la mwisho halihitaji mkutano mkuu wa wanachama. Siku ya Simba, na kilele cha Wiki ya Mwananchi ya Yanga, iwekwe mlangoni mwa uwanja upande wa mashabiki meza moja yenye mashine ya kunakili na watu wawili wenye heshima kwa wazee. Mwenye picha, tiketi, daftari au barua aje nayo; inakiliwe mbele yake, jina lake liandikwe kama mwenye mali, na arudishiwe palepale. Asiyeweza kuandika akalishwe kitini na kurekodiwa. Na meza ya Simba imkaribishe mtu wa Yanga, ya Yanga imkaribishe mtu wa Simba, kwa sababu tumekwishaeleza nani anatunza nini.

Sisi hatutasubiri siku hizo. Kuanzia toleo lijalo tunatenga ukurasa mmoja kwa ajili ya madaftari ya wasomaji, na tutaanza na mwaka 1967. Tunatafuta kikosi cha Cosmopolitan kilichotwaa ubingwa: majina yote, na nafasi aliyocheza kila mmoja. Mwenye picha yao ndiye tutakayemtanguliza.