Butembo: Si mashini iliyozeeka, ni Windows yake

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilifunga msaada wa bure kwa Windows 10, mfumo wa kompyuta uliotoka mwaka 2015. Kwa watu binafsi ilitangaza nyongeza ya mwaka mmoja kwa wanaojiandikisha. Mjini Butembo siku hiyo ilipita kimya. Katika sekretaria za kando ya barabara, katika biro za shule na za vituo vya afya, mashini ziliwaka asubuhi kama kawaida. Wengine bado wako kwenye Windows 7, ambayo msaada wake uliisha tangu Januari 2020.

Mashini ikiwaka, watu wanaona kama hakuna shida. Lakini mfumo usiopata marekebisho ni kama nyumba ambayo kitasa chake kimevunjika na fundi amekataa kurudi. Mwizi anaweza kukawia, ila mlango hautajifunga wenyewe.

Shida ya wakaaji wa Butembo na Beni ni kwamba mashini nyingi zinazoingia ni za okazio. Zimetumiwa miaka mingi Ulaya au Dubai mbele ya kupita mpaka wa Kasindi. Windows 11 inaomba chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inaomba kwa kawaida prosesa za kizazi cha 8 na kuendelea. Mashini ya mwaka 2014, hata ikiwa na afya nzuri, inakataliwa mlangoni.

Hapo ndipo mazungumzo yanayojulikana yanaanza. Mama mwenye sekretaria anapeleka mashini yake kwa fundi. Fundi anaangalia, anatikisa kichwa: « Mama, hii imekwisha kuzeeka. Utafute ingine, ao nikuwekee Windows 11 kwa njia ya kuzunguka. » Mama anauliza bei ya zote mbili, na kwa sababu minerval ya watoto inangoja, anachagua njia ya kuzunguka.

Njia hiyo ina bei yake, hata kama haiandikwi kwenye fakture. Windows 11 Home inauzwa na Microsoft dola 139 Marekani. Anayeiweka kwa franka chache anaweza kuwa anaweka ya kuibwa, na mara nyingi programu ya kuivunja inaomba kwanza antivirusi izimwe. Basi mtu anafungua mlango kwa mkono wake mwenyewe. Kila mwanafunzi wa Butembo anajua matokeo: anachomeka kle kwenye mashini ya sekretaria ili achapishe TFC yake, akiifungua nyumbani anakuta faili zote zimegeuka kuwa njia za mkato zisizofunguka. Kazi ya miezi inapotea siku tatu mbele ya kuitetea. Prefe naye anaweza kupoteza bilteni za mwaka mzima. Kwa mama wa sekretaria ni mbaya zaidi, kwa sababu wateja wakisema « kwake kuna virusi » hawarudi.

Kuna njia ya tatu ambayo watu wachache wanaizungumzia: kutoka Windows na kuingia Linux. Mfumo huu ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Finland, na unagawiwa bure kwa halali. Ubuntu, moja ya aina zake zinazojulikana sana, ilianza mwaka 2004 kwa mfuko wa Mwafrika, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Linux Mint, ambayo sura yake inakaribia Windows, inaomba memori ya giga 2, na giga 4 ili ifanye kazi vizuri. Inaongea Kifaransa na inakubali klavye ya AZERTY. Virusi vya kle vilivyotengenezwa kwa Windows havina nguvu ndani yake. Faili yake ya kuweka ni karibu giga 3. Ni mega nyingi kwa mtu mmoja, lakini ikishushwa mara moja inaweza kuhudumia mtaa mzima kwa kupitisha kle mkono kwa mkono, na hapo hakuna anayevunja sheria.

Wanaopinga wana sababu, na si vizuri kuwadharau. Photoshop na Publisher, ambazo wengi wanatumia kutengeneza mialiko ya ndoa na kalenda, haziingii katika Linux kwa njia ya kawaida. Programu nyingi za hesabu za biro, kama Sage, zimetengenezwa kwa Windows. Printa nyingi za HP zinakubali bila shida, lakini za kampuni zingine zinaweza kusumbua. Document ya Word ikifunguliwa katika LibreOffice inaweza kuhama mistari. Kwa mwanafunzi ambaye profesa anamdai Times New Roman 12, hilo ni jambo la kutisha. Ukweli ni kwamba LibreOffice ina herufi za Liberation Serif, ambazo zilipimwa upana sawa na Times New Roman ili mistari isihame. Na anayetuma kazi kwa PDF haogopi kitu, kwa sababu kurasa hazibadiliki tena.

Kwa hiyo swali si kama Linux ni nzuri kuliko Windows. Swali ni namna ya kuhama bila kuumiza kazi. Polisi wa gendarmerie ya Ufaransa walionyesha njia. Mwaka 2005 walianza kwa kubadilisha programu ya kuandikia tu, wakiwa bado ndani ya Windows. Baadaye wakaweka Firefox na Thunderbird. Ni mwaka 2008 tu ndipo walianza kuingia Ubuntu, watu wakiwa wamekwisha kuzoea vyombo, na leo wana makumi ya maelfu ya mashini kwenye mfumo huo. Mji wa München, Ujerumani, nao ulihamisha mashini karibu elfu 15, kisha mwaka 2017 baraza lake likaamua kurudi Windows. Wafanyakazi wengine walikuwa wakilalamika, na wakubwa wapya hawakuwa na imani na kazi ya wale waliotangulia. Kuweka mfumo mpya peke yake hakutoshi; watu nao wanapaswa kukubali na kusindikizwa.

Shule ao sekretaria ya Butembo inaweza kufuata hatua hizo bila mradi wa wazungu. Kwanza, kunakili kazi zote kwenye diski mbili tofauti, kwa sababu kuweka mfumo mpya vibaya kunafuta kila kitu. Pili, kuweka LibreOffice ndani ya Windows na kuitumia muhula mzima. Tatu, kuwasha Linux kutoka kwenye kle bila kugusa diski ya mashini, na kujaribu printa, sauti na intaneti. Nne, kuhamisha mashini moja, si zote. Na ile yenye programu ya hesabu ibaki Windows mpaka suluhisho lipatikane, lakini ikae mbali na intaneti na kle za wageni.

Mafundi wa mji nao wanapaswa kujiuliza. Kuna anayeogopa kwamba mashini isiyoshikwa na virusi kila mwezi itamnyima chakula. Lakini mteja aliyepoteza kazi yake mara mbili anaishia kumhama fundi huyo. Fundi anayejua kuhamisha, kufundisha na kufuatilia atalipwa kwa ujuzi wake, hatakuwa na lazima ya kungoja mashini ya mtu iharibike. Shule za ufundi na vyuo vya informatika vinavyofundisha Windows peke yake vinawapeleka vijana sokoni na mguu mmoja.

Wazazi wanalipa pesa kila muhula ili shule iwe na mashini. Kutupa mashini nzima kwa sababu kampuni moja imeamua kwamba wakati wake umeisha ni kutupa jasho lao. Mbele ya kuomba wazazi mchango wa mashini mpya, kila prefe afanye kwanza jaribio la mashini moja, muhula mmoja, na matokeo yaonyeshwe kwa komiti ya wazazi. Jaribio likishindwa, shule itakuwa imepoteza mega tu. Likifaulu, pesa hiyo inaweza kununua vitabu.