Usifunge kapasita kabla hujajua uko tarifu ipi

Kuna swali linakuja sana kutoka kwa wenye mashine za kusaga na kuchanganya chakula cha kuku huku Kinyerezi: "Mtaalamu, nifunge kapasita ili LUKU isiishe haraka?" Msimamo wangu ni huu: wengi wenu, hapana. Wachache wenu, ndiyo, tena msichelewe.

Mota inavuta umeme wa aina mbili. Upo unaofanya kazi, yaani kilowati, na upo wa kujenga sumaku ndani ya mota, ambao unakwenda na kurudi tu kwenye waya. Ni kama kukodi kirikuu upeleke mayai Buguruni, halafu sehemu ya bodi imejaa trei tupu. Mayai hayajaongezeka, ila gari lazima liwe kubwa. Kipimo cha hali hiyo ndicho pawa fakta: ikikaribia 1 ni nzuri, ikishuka hadi 0.7 unabeba trei tupu nyingi.

Sasa pesa. Ukiwa T1, LUKU inahesabu uniti tu. Trei tupu hulipii. Kwa hiyo kile kiboksi cha kuchomeka ukutani, "punguza umeme nusu", hakikusaidii. Hiyo hela nunua vifaranga.

Ukivuka uniti 7,500 kwa mwezi unaingia T2, na huko unalipia pia kilele cha kVA. Chukua kinu chenye mzigo wa kilowati 60. Kwa pawa fakta 0.7 ni kVA 86. Ukiipandisha hadi 0.95 inakuwa kVA 63. Tofauti ni kVA 23. Ikiwa kVA moja ni shilingi 15,000, ni kama shilingi 345,000 kila mwezi. Huo ni mshahara wa kijana mmoja kiwandani kwako.

Lakini kabla ya kapasita, angalia mota yenyewe. Mara nyingi unakuta mtu kanunua mota ya kilowati 15 kwa kazi ya kilowati 5, "isije ikazidiwa". Mota kubwa yenye kazi ndogo ndiyo inayoshusha pawa fakta. Nyingine inaunguruma tupu wakati watu wanakula. Zima.

Ukifikia kufunga, ita fundi mwenye leseni apime kwanza. Kapasita ikizidi kipimo inaweza kuunguza mota. Kama pampu yako inaendeshwa na inveta, usiiweke kati ya inveta na mota, utaua inveta. Na kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuzima, usiiguse.

Kijana anayefanya biashara hujua bei ya pumba hadi senti. Bili ya umeme nayo aisome mstari kwa mstari. Leo jioni itoe uangalie: kuna neno kVA? Kama halipo, funga pochi yako.