“Gharama Zisizo za Kawaida”: Dhima, Tengo na Malipo katika Taarifa za Hesabu

Kila mwezi Aprili, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwasilishwa bungeni Dodoma, na kwa siku kadhaa istilahi za uhasibu hutoka katika ofisi za Tambukareli na kuingia vinywani mwa watu. Mwaka 2022 ilikuwa zamu ya Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO. Ripoti ya mwaka wa fedha 2020/21 ilionesha kuwa shirika hilo liliilipa kampuni ya Symbion dola za Marekani milioni 153.43, takriban shilingi bilioni 350, ili kumaliza mgogoro wa mkataba wa umeme uliohusu mtambo wa Ubungo, Dar es Salaam. Fedha za namna hii huitwa kwa zamu deni, hasara, fidia, au gharama isiyo ya kawaida, kana kwamba maneno hayo ni visawe. Mfasiri anayeyachanganya humfanya msomaji aamini kuwa fedha zimetoka zikiwa bado zimo, au zimo zikiwa zimekwisha kutoka.

Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ilivikubali viwango vya kimataifa vitumike nchini tangu 2004. Kiwango kinachohusu kesi ni IAS 37, nacho huitaka kampuni inayodaiwa ijiulize maswali matatu. Je, tukio lililokwisha kutokea limeifunga na wajibu? Je, uwezekano wa kulipa ni mkubwa kuliko wa kutolipa? Je, kiasi chaweza kukadiriwa kwa namna ya kuaminika? Majibu yote yakiwa ndiyo, kampuni huandika tengo: kiasi hicho huingia katika mizania kama dhima na hupunguza faida ya mwaka huo, ingawa hakuna hata senti moja iliyotolewa. Malipo yatakapofanywa, dhima hufutika na gharama haihesabiwi mara ya pili. Hivyo mwaka wa gharama waweza kuwa tofauti na mwaka wa malipo.

Neno *tengo* (wingi *matengo*) limetokana na kitenzi *tenga*, na asili hiyo huweza kumpotosha msomaji. Aliyetenga uwele ghalani ana uwele. Kampuni iliyoandika tengo haikuweka fedha popote, bali imekiri tu kwamba inadaiwa. Kwa sababu hiyo tengo lisifasiriwe kuwa *akiba*. Sentensi “Kampuni imeweka akiba ya shilingi bilioni mbili kwa ajili ya kesi” yasema jambo lingine kabisa kuliko “Kampuni imeandika tengo la shilingi bilioni mbili kwa ajili ya kesi.”

Pale masharti hayo yasipotimia yote, kwa mfano uwezekano wa kulipa ukiwa mdogo au kiasi kikiwa hakikadiriki, kesi haiingizwi katika hesabu zenyewe. Hutajwa katika maelezo yanayoambatana nazo. Uwezekano ukiwa wa mbali mno, haitajwi kabisa. Matini kadhaa huiita hali ya kutajwa tu *dhima tarajiwa* au *madeni tarajiwa*. Hapa kuna mtego. Kinachotarajiwa ni kile kinachodhaniwa kitatokea, ilhali aghalabu dhima hizi ni zile ambazo kampuni haidhani kuwa itazilipa. Istilahi hiyo imekwisha kuzoeleka, na kuibadilisha ghafla kutazua mkanganyiko mwingine. Inatosha mfasiri aifafanue pale inapotajwa kwa mara ya kwanza: *dhima inayotegemea matokeo ya kesi*.

Ununuzi wa kampuni nao una utata wake. Mgodi wa dhahabu wa Singida, wilayani Ikungi, ulianza uzalishaji 2023 ukiwa mali ya Shanta Gold. Mwaka uliofuata kampuni hiyo yote ilinunuliwa na ETC Holdings ya Mauritius. Katika habari za ununuzi kama huo, maneno *gharama za ununuzi* huweza kumaanisha bei waliyolipwa wenye hisa, au ada za mawakili, wathamini na washauri waliofanikisha shughuli. Tofauti hiyo ina uzito. Zamani ada hizo zilijumlishwa katika thamani ya kilichonunuliwa. Kiwango cha IFRS 3, kilichofanyiwa marekebisho 2008, kinataka zihesabiwe kuwa gharama za kipindi ambamo huduma zilipokewa, na faida ipungue papo hapo. Yafaa basi kuandika *bei ya ununuzi* kwa la kwanza na *ada za kufanikisha ununuzi* kwa la pili.

Limebaki fungu la *zisizo za kawaida*. Tangu 2005 viwango vya kimataifa vinakataza gharama yoyote kutengewa mstari wa mambo yaliyo nje ya shughuli za kawaida, kwa hoja kwamba kesi na majanga ni sehemu ya hatari za biashara. Hata hivyo, kampuni nyingi hutangaza “faida iliyorekebishwa”, ambayo gharama hizo zimeondolewa. Kiwango kipya cha IFRS 18, kitakachoanza kutumika tarehe 1 Januari 2027, kitazitaka zieleze katika hesabu zilizokaguliwa jinsi zilivyofikia tarakimu hiyo. Mkulima wa Bahi au Manyoni anajua kuwa ukame hauji kila mwaka, lakini hauiti mgeni. Kampuni inayolipa fidia mwaka baada ya mwaka nayo haina haki ya kuiita fidia hiyo isiyo ya kawaida.

Kwa hiyo mfasiri akikutana na fungu hilo, alihusishe na aliyelisema: “gharama ambazo kampuni inaziita zisizo za kawaida”. Neno *inaziita* humkumbusha msomaji kwamba hiyo ni hukumu ya kampuni juu ya hesabu zake yenyewe.